Waya Mbili za Gita la Mjozi

Poiana Paltinului, 10 Januari 1999

Mdogo wangu Leontina,

Furushi limefika. Gavril kalileta mwenyewe mpaka mlangoni, basi lake la kutoka Italia linanguruma pale barabarani na abiria wote wananikodolea macho, mimi na gauni la kulalia na mabuti ya marehemu mume wangu. Kahawa imefika, soksi zimefika, chokoleti imefika pungufu na Gavril anaapa ni panya. Nikamwambia panya huyo ana masharubu na leseni ya kuendesha basi. Akacheka mpaka akakohoa.

Huku tunapumua, theluji imefika dirishani. Padri kanunua gari jekundu, sasa kila akiliwasha kijiji kizima kinajipiga ishara ya msalaba. Binti wa jirani Saveta kaachika tena, lakini hilo nitakueleza siku nyingine maana ni refu na lina mashahidi.

Basi, sasa habari za shemeji, mumeo. Vile vipande vya gita ulivyotuma, vigingi sita vya kukazia nyuzi, lile daraja la chuma, swichi, vitufe vya sauti na ile sumaku moja ya kunasa mlio wa nyuzi, vyote nimempelekea kwa mikono yangu. Akatandika kitambaa cheupe mezani jikoni, akavipanga kimoja kimoja kama padri anavyopanga vyombo vya altare. Ile sumaku akaishika muda mrefu zaidi, akaigeuza huku na huku, waya wake mwembamba kuliko unywele. Anasema anahitaji ya pili. Moja ikae karibu na shingo, nyingine karibu na daraja, na swichi ichague: hii, ile, au zote pamoja. Zote pamoja ndiyo sauti yenu ya zamani, anasema, ile ya kwenye harusi, wewe unaimba na yeye kasimama nyuma yako na lile gita alilolitengeneza kwa masikio ya simu za posta. Nilimkumbusha kwamba mwaka ule simu mbili za stesheni zilikaa bubu mpaka mavuno. Hakucheka. Gita lile liliuzwa na waya zake ili upate nauli ya basi la kwenda huko, na yeye hajawahi kulisema hilo hata kwa mnyama. Sasa anatengeneza lingine, anataka liwe tayari Pasaka.

Mwili wa gita ni ule mti wa mjozi wa nyuma ya nyumba yenu, ulioangushwa na upepo. Mimi nikasema mjozi ule hauna nuksi, kunguru ndiye aliyeupanda, maana aliyepanda mjozi hufa shina likinenepa kama shingo yake, na nani mwenye akili zake aupande kwa mkono wake mwenyewe akae anangoja kufa. Kaukata, kaupiga randa, kaung'arisha kwa mafuta. Ungeuona ungesema ni mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Miaka yote ile kiwandani anapasua migongo ya fidla za watu wengine kwenye mashine, leo kajipasulia yake.

Ana tabia mpya lakini, utacheka. Kaweka uzi mmoja wa kujaribia, akishaupiga analiuma gita pembe. Kwa meno, mdogo wangu, kama mtu anaonja jibini. Nilimkuta hivyo, macho kayafumba. Nikamwambia shemeji kama ni njaa, sarmale za kabichi na nyama zipo nyumbani. Wala hakunijibu.

Habari ya simu usiitie moyoni. Jumapili iliyopita alikuwa na gundi mikononi, nisingependa anishikie simu yangu na gundi.

Dada yako,
Zamfira

*

Padova, 24 Januari 1999

Dada Zamfira,

Nimekusoma mara mbili, mara ya kwanza kwa kucheka.

Jumapili gundi. Jumapili ile nyingine ulisema ana mafua. Kabla ya hapo kaenda msituni. Nakaa kwenye kibanda cha simu na nguo za kanisani, napiga namba yako kwa sababu nyumbani kwangu hakuna simu, na kila wiki mume wangu yuko mahali pengine.

Sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ya Krismasi ulimpa simu, unakumbuka. Nilisikia anavyopumua, naijua pumzi yake. Nikamuuliza neno moja tu: nirudi? Akanyamaza. Nikangoja. Halafu akakupa wewe simu, na wewe ukaanza kunieleza uzito wa nguruwe mliyemchinja.

Nimekuwa huku miaka minne. Namwogesha bibi Ottavia, kikongwe ninayemtunza, namlisha, nalala kwenye chumba kinachopakana na ukuta wake ili nimsikie akiita usiku. Ana mpwa wake, Ivano, fundi wa mabomba ya kupashia joto nyumba. Mkewe alifariki. Ni mtu wa heshima, huvua kofia hata jikoni. Wiki iliyopita aliniuliza kama nitakubali kubaki naye, kwa ndoa, nikishamaliza mambo yangu huko kwetu. Nimemwambia nitamjibu Pasaka yao, tarehe nne Aprili, wiki moja kabla ya yetu.

Usishtuke na usimwambie Eftimie lolote, si la Ivano wala la swali langu. Mtu akishaulizwa akanyamaza, si kazi ya mtu mwingine kwenda kumlazimisha jibu.

Sumaku ya pili nimeinunua soko la mitumba la Jumapili. Yule muuzaji wa kwanza hakuwepo tena, hii ni ya mtu mwingine, na haifanani na ile. Ile ilikuwa nyeusi, hii ina kifuniko cha chuma cheupe. Aiangalie mwenyewe kama itafaa.

Leontina

*

Poiana Paltinului, 9 Februari 1999

Leontina mdogo wangu,

Umenitwisha gunia la makaa kichwani na moto wake ndani. Wewe unanijua mimi. Tangu utotoni mtu akitaka jambo lifike sokoni kabla yake ananiambia mimi niache kusema. Sasa unanipa habari ya mwanamume, tena Mtaliano, tena mwenye kofia, na unaniambia ninyamaze. Nimenyamaza. Nina siku kadhaa sili vizuri. Saveta kanitazama usoni akauliza kama nimeugua, nikamwambia ni kabichi. Na wala hiyo si siri pekee niliyoibeba msimu huu, lakini hilo tuliache palepale.

Sitakusema. Wewe ndiye unayelala ukutani mwa mtu mwingine, si mimi. Ila mimi namwona Eftimie kila siku na wewe humwoni, na ninachokiona nakuandikia.

Sumaku ya chuma cheupe imefika salama ndani ya soksi. Kaishika, kacheka kidogo, akasema moja ya kijakazi na moja ya bibi harusi. Nyeusi kaiweka karibu na daraja, nyeupe karibu na shingo. Ile chokoleti aliyobakisha panya wa Gavril, nimeila mimi, na karatasi zake za kung'aa shemeji kaziomba zote. Kazibandika ndani ya shimo zinamokaa waya, ukutani na chini, eti gita lisinung'unike mtu akiwasha taa. Kuna waya mmoja kaupenyeza kwa chini mpaka kwenye daraja, huo nao ni wa kunyamazisha. Nikamwambia shemeji, nipenyezee na mimi hapa kooni. Alikuwa ameinama, hakuona nacheka.

Jana alikuwa analehemu. Nilikaa nikamtazama, maana jikoni kwenu ndiko kuna joto. Kile chuma kikishapata moto anakigusisha kwenye ile risasi ya kulehemu, inayeyuka tone moja, inang'aa, anaipuliza. Moshi wake unanuka kama kanisa lililoungua. Mkono hautikisiki hata kidogo. Zamani, unakumbuka, alikuwa akimaliza anagonga sumaku kwa bisibisi na kutega sikio kwenye spika, tok, tok. Siku hizi hagongi. Kaazima kile kipimo cha umeme cha mzee Haralamb fundi wa redio, kile chenye sindano, sindano ikitikisika anatabasamu. Mambo ya kisasa.

Nilimuuliza Pasaka kutakuwa na nini. Nilimuuliza nikiwa mbele yake, namshika mkono. Akasema atapiga ukumbini siku ya pili ya Pasaka, kama zamani. Nikasema nani ataimba? Akarudi kwenye waya zake.

Jumapili usipige. Laini ya simu inasumbua.

Zamfira

*

Padova, 26 Februari 1999

Dada,

Laini ilikuwa nzima. Nilipiga ukaipokea, ukasema halo mara tatu, mimi nikakata, maana nyuma yako nilisikia nyundo na nikajua yuko hapohapo anakukarabatia kitu.

Yuko chumba kimoja na simu inayolia Jumapili saa yangu, na mikono yake haiinuki.

Basi nimebadili mawazo. Muulize. Usitaje jina la mtu. Muulize tu, uso kwa uso, kama anataka nirudi. Uniletee maneno yake jinsi yalivyo, usiyatie sukari. Nitajua ukiyatia sukari.

Ivano hajaniuliza tena. Kaja karekebisha dirisha la chumba changu lisiingize baridi, akaondoka.

Leontina

*

Poiana Paltinului, 15 Machi 1999

Mdogo wangu,

Kabla sijakwambia lile uliloagiza, acha nikueleze mengine, maana lile likitangulia hutasoma mengine.

Gita limekwisha. Jana Jumapili kalipeleka ukumbini kulijaribu. Najua ni Kwaresima, lakini kujaribu si kucheza, na padri alipita na gari lake jekundu akajifanya anaangalia upande wa mto. Tulikuja wengi. Wale wenzenu wawili wa bendi walikuja, wa ngoma ana kitambi sasa, ngoma zinamfikia kwa shida. Haralamb kaleta amplifaya yake na spika kubwa kama kabati. Gita lenyewe, Leontina, watu walinyamaza lilipotolewa kwenye blanketi. Ule mjozi una mistari myeusi inayopinda kama moshi. Saveta aliweka mkono mdomoni, na Saveta hajaweka mkono mdomoni tangu abatizwe.

Akaanza na sumaku ya shingo peke yake. Asali. Sikudanganyi, wa ngoma alifuta macho. Akageuza swichi, ya daraja peke yake, hiyo inakata kama wembe mpya, vijana wakapiga miluzi. Kisha akaiweka swichi katikati, zote mbili, ile sauti yenu. Akaanza wimbo wako, ule uliokuwa unafungia harusi.

Sasa sijui wale Waitalia wamekuuzia nini. Sauti ilikonda. Zile sumaku mbili, kila moja peke yake tamu, ukiziweka pamoja ni kama mtu anayeimba ndani ya ndoo ya bati, mbali, bila tumbo. Tukaangaliana. Tukadhani atasimama. Wapi. Kayafumba macho, kaupiga wimbo wote hivyohivyo, ubeti kwa ubeti, na uso wake umejaa raha kama mtu yuko kwenye maji ya moto. Alipomaliza tukapiga makofi. Ungefanya nini? Alitutazama mikono, akainama, akashukuru. Tukapiga tena.

Haralamb kanivuta pembeni akasema ni jambo la waya mbili tu, anaweza kulimaliza shemeji akiwa kanisani, ufunguo ninao mimi. Nikasema tusubiri kidogo. Lakini wewe ukimwona yule muuzaji wa soko la mitumba mwambie Zamfira wa Poiana Paltinului anamsalimia kwa ufagio.

Haya. Lile lako.

Nilimuuliza leo asubuhi. Nilimkalisha, nikakaa mbele yake. Nikasema, shemeji, unataka Leontina arudi? Alinitazama mdomo mpaka nikamaliza. Akasema, na sitii sukari: "Akirudi, arudi kwa kuwa anataka mwenyewe. Mimi simwiti."

Akachukua kitambaa akaanza kulifuta gita.

Nimekuandikia jinsi yalivyo. Nisamehe mwandiko, wino unapotea.

Zamfira

*

Padova, 21 Machi 1999

Dada,

Niliyasoma yale maneno yake ya mwisho kwanza, maana nilijua utayaweka mwisho. Nikakunja barua. Nikaenda nikamwogesha bibi Ottavia, nikampa supu, nikamwambia Ivano anaweza kuja Jumapili. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Jioni nikaifungua tena nikasoma mengine yote.

Acha nikukumbushe jambo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kuna siku alilimaliza lile gita la masikio ya simu. Yeye alikuwa uani anapasua kuni. Mimi nikalichukua nikaanza kuligusagusa jikoni, najifurahisha tu, swichi katikati. Dirisha limefungwa, kuna theluji. Aliingia na shoka mkononi, viatu havijafutwa, akaniambia niache. Nikadhani kakasirika nimeligusa. Akasema: "Zinauana, Tina. Moja ikivuta nyingine inasukuma. Zinaimba wimbo mmoja na zinauana." Akaligeuza, akafungua mfuniko, akazibadilisha waya mbili za sumaku moja, ya kushoto ikaja kulia, ya kulia ikaenda kushoto. Ikatoka sauti iliyojaa chumba. Akarudi kwenye kuni zake.

Alisikia hilo kupitia ukuta, dada, na shoka linapiga.

Sumaku nilizomtumia ni za mafundi wawili tofauti. Kila mmoja aliuzungusha waya wake kwa njia yake. Hakuna aliyeniuzia takataka. Fundi yeyote anajua sumaku za mafundi wawili unazijaribu pamoja kwanza, unasikiliza, ukisikia ndoo unageuza waya. Anajua yeye kuliko wote. Na umeniandikia kwamba alisimama ukumbini akaupiga wimbo wangu wote kwa sauti ya ndoo na uso wake umejaa raha.

Eftimie hasikii.

Ndiyo maana analiuma. Ubao unampa mtetemo wa nyuzi kwenye meno, lakini kosa la waya haliko kwenye ubao, liko kwenye spika, na spika haimfikii. Ndiyo maana anatazama sindano ya kipimo. Ndiyo maana anakutazama mdomo. Ndiyo maana kila Jumapili ana gundi. Na Krismasi hakunyamaza. Mtu akiulizwa asisikie hajanyamaza.

Nakuuliza kitu kimoja na unijibu: ni nani aliyekuambia ufiche, na kwa nini ulikubali?

Haralamb asiguse waya hata mmoja. Umsikie. Ukimpa ufunguo sitakuja hata kwenye maziko yako.

Karatasi hii ya pili ni ya Eftimie. Mpe mkononi. Usimsomee, macho anayo.

Leontina

*

(karatasi ya pili)

Eftimie,

Siku ya Krismasi nilikuuliza: nirudi? Nakuuliza tena, na safari hii huna mtu wa kumpa simu.

Kabla hujaniambia habari ya huruma, nijibu hili. Harusi ya watu wa kinu, mimi na homa, sauti imekatika kabisa tangu ubeti wa pili. Ulikaza ile sauti ya gita ukapiga juu yangu usiku kucha ili watu wasijue siimbi. Asubuhi ulinibeba mpaka kwenye gari la farasi. Ile iliitwaje? Kama ile ilikuwa huruma, basi na mimi ninayo, na sioni aibu.

Jambo la pili. Sumaku zako zinauana. Swichi ikikaa katikati sauti inakuwa ya ndoo. Ukumbi wote ulisikia na ukumbi wote ukapiga makofi. Nakwambia mimi kwa sababu hakuna mwingine atakayekwambia.

Wanasubiri jibu langu huku kwa tarehe nne. Na mimi nasubiri lako.

Tina

*

Poiana Paltinului, 28 Machi 1999

Leontina mdogo wangu,

Gavril anaondoka mchana huu, nimemzuilia basi. Nimemwambia abiria wakae, wale mayai, hii barua haipandi kwenye basi jingine.

Nakujibu. Ni yeye aliyeniambia nifiche. Masikio yalianza kumsumbua tangu kipupwe, alidhani ni nta, daktari wa mjini akamwambia ni kelele za ile mashine ya kiwandani, sikio la kushoto limekwisha na la kulia linaondoka, na hakuna dawa. Alirudi akakaa jikoni kwangu. Akasema, Zamfira, yule mwanamke nilimwoa kwa sauti yake, sasa nitamwambia nini, rudi uniimbie nikutazame? Akasema ukijua utapanda basi siku hiyohiyo, na yeye hatajua maisha yake yote yaliyobaki kama ulirudi kwa mume au kwa mgonjwa. Akanishika mkono akauweka juu ya sanamu ya Bikira pamoja na mkate. Mimi, ambaye nimesema siri za watu tangu nikiwa na meno ya utoto, siku moja niliyoapa kunyamaza ndiyo siku niliyotakiwa kupiga kelele kutoka mnarani. Wewe unaniambia usimwambie, yeye ananiambia usimwambie, nimekaa katikati yenu kama ile swichi yake, na kila mmoja peke yake mtamu. Habari ya ukumbi nilikuandikia kwa sababu nilidhani haina kitu ndani. Nilidhani nasengenya Waitalia.

Sasa sikiliza jana ilivyokuwa.

Nilimkuta amesimama karibu na jiko. Nikampa karatasi yako, nikageukia dirishani ili nisitazame, halafu nikatazama kwenye kioo cha dirisha, mimi ni mimi. Aliisoma kwa kusimama. Akafika mwisho akarudi juu. Akakaa chini. Aliponigeukia hakukasirika, na ningependa angekasirika. Akauliza, "Ilikuwa ya ndoo kweli?" Nikatikisa kichwa, ndiyo. "Na mkapiga makofi." Nikatikisa tena. Akaendelea kunitazama mpaka nikasema, shemeji tulikupenda, nikalisema polepole alione. Akasema, "Najua. Ndiyo maana mtu hawezi kutengeneza gita katikati ya watu wanaompenda." 

Alilia kidogo. Nakuandikia maana uliniambia nisitie sukari, na hata chumvi siitoi.

Halafu akaamka, akalilaza gita kifudifudi juu ya kitambaa cheupe, akafungua zile skrubu za nyuma, akazipanga. Humo ndani mnang'aa karatasi za chokoleti yako kama kaburi la mtakatifu. Akawasha kile chuma. Nikajua analitengeneza, nikajisemea basi, sasa atalimaliza mwenyewe na mambo yatakuwa sawa. Akagusa mahali pamoja, akagusa pa pili, moshi ukapanda, akazivuta waya mbili zikatoka. Moja nyeupe, moja nyeusi, zote za sumaku ya shingo. Nikangoja azigeuze. Akazima chuma.

Akaomba kalamu. Leontina, tangu nimjue huyu mwanamume hajawahi kuandika zaidi ya vipimo vya ubao. Alikaa mpaka moto wa jikoni ukafa, mimi nikaogopa kutia kuni nisimsumbue, tukakaa tunatetemeka kama wajinga wawili. Kanipa ikiwa wazi. Kasema, "Soma, maana utasoma tu." Nimeisoma. Sijamwambia mtu. Hata Saveta.

Gavril anapiga honi. Naibandika hapa chini ya yangu.

Dada yako anayekupenda, na aliyenyamaza vibaya,
Zamfira

*

Tina,

Krismasi sikusikia swali. Nilisikia kama maji yanayopita chini ya barafu. Nilijua ni wewe. Nikaogopa nisije nikajibu kitu kingine, nikampa Zamfira.

Ile ya harusi ya kinu, sikujua kama ina jina.

Nimezifungua waya mbili za sumaku ya shingo. Ningeweza kuzigeuza kwa akili na kuzilehemu leo. Lakini kwa akili tu ndivyo nilivyozilehemu mara ya kwanza. Sitaki tena makofi ambayo sijui ni ya nini.

Basi zinaning'inia. Mfuniko upo wazi, skrubu ziko kwenye kikombe chako. Nitakushikia waya, utasikiliza, utanigusa bega ikishakuwa sawa.

Halafu utaimba ukiwa umeegemeza kichwa kwenye ubao, na mimi nitauma upande wangu. Nyuzi zinanifikia hivyo. Na wewe nitajaribu kukusikia hivyohivyo.

Swali lako: ndiyo. Rudi. Nakuita.

Eftimie